Fundi Jana na Sauti Yenye Mafua

Ndugu wafiwa, majirani, marafiki, wafanyakazi wenzake marehemu, na ninyi mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha, poleni kwa msiba na poleni kwa jua. Mimi ni dada yake marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa, nimepiga chapa mahakamani maisha yangu yote ya kazi, na kamati ya mazishi imeniteua nisome historia hii kwa sababu, kama walivyosema wenyewe, sauti yangu haihitaji kipaza sauti. Karatasi waliyoniandalia ina aya tatu, ndani yake kaka yangu anazaliwa, anaajiriwa, anaugua na anakufa, basi, kama mtu aliyepita njia akaomba maji, kwa hiyo nimeikunja nikaiweka kwenye mkoba pamoja na leso, na mwenye haraka aniwie radhi.

Katika ratiba mliyogawiwa pale getini mtaona kwamba baada ya mimi kutakuwa na neno la mjane, na pembeni yake imeandikwa kwamba neno hilo litasemwa na kaka yetu mkubwa kwa niaba yake, kwa kuwa mjane hawezi kuongea. Hilo tutalifikia, wala sijalisahau, ila nitaanza na kuzaliwa kama ilivyo kawaida.

Kaka yangu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili kati yetu watatu, kwa baba aliyekuwa mlinzi wa ghala na mama aliyekuwa akishona mashuka ya hospitali. Tangu utotoni alikuwa na ugonjwa mmoja tu, wa kutokubali kitu kitupwe, ndala moja ikikatika aliitafutia mwenzake wa rangi nyingine na kuvaa hivyohivyo mpaka shuleni, na mama alikuwa akisema mtoto huyu hata ganda la ndizi analiuliza kwanza kama limemaliza kazi yake. Kaka mkubwa alimcheka sana kwa ndala zile, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akinunuliwa vipya, mimi naona alikuwa na nafasi ya kucheka.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, akaendelea na sekondari ya ufundi mpaka 1979, kisha akachukua stashahada ya umeme iliyomalizika mwezi Novemba 1983, akiwa wa nne katika darasa lake, na wa kwanza kwa kufukuzwa maabara baada ya kengele. Tarehe 1 Februari 1984 aliajiriwa na idara ya maji, karakana ya pampu, chumba chenye sakafu ya saruji iliyolowa mafuta na dirisha moja lililotazama matangi, na hapo alikaa miaka ishirini na minane.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo karatasi ya kamati imelifupisha kwa maneno matatu, kwamba marehemu alipenda kompyuta, kana kwamba tunasema alipenda samaki. Mwezi Agosti 2004 kaka alinunua mashine ambayo kampuni moja ndogo ya ng'ambo ilikuwa imeitengeneza upya kwa kufuata mtindo wa zile kompyuta za kwanza kabisa alizojifunzia yeye ujanani, kompyuta ambayo yote imo ndani ya kibodi yake, haina kasha la pembeni wala mfuniko wa kukunja, unaichomeka kwenye televisheni, unaiwasha, na kabla hujakaa vizuri kwenye kiti imeshakungoja. Haikuulizi nenosiri, haikuombi uisubiri ijisasishe, haitaki mtandao ili ikujue wewe ni nani, na umeme ukikatika inakunywa betri ya pikipiki na kuendelea. Ilikuwa mpya, lakini ilitengenezwa na watu waliokumbuka, ndivyo alivyopenda kusema.

Kampuni ile haikufika mbali, mwaka 2007 ilifunga milango, na walionunua mashine zake, watu mia chache waliotawanyika duniani, wakabaki yatima. Wengine waliziweka kabatini, lakini wachache wakakataa, wakaanza kuandikiana, huyu akitengeneza njia ya kuifanya isome barua za siku hizi, yule akiifundisha kuongea na printa mpya, mwingine akilehemu kipande cha kuiunganisha na televisheni ambazo hazikuwepo ilipozaliwa, na kaka yangu, kutoka chumba cha nyuma cha nyumba yake, alikuwa mmoja wao. Mtu mmoja wa nchi za baridi, wanayemwita Bundi, alinieleza juzi kwamba robo ya vitu vinavyoifanya mashine ile ifae leo vilitoka kwa kaka, na mimi nilipigwa na butwaa, kwa sababu hapa kwetu jina lake kubwa lilikuwa Fundi Jana.

Jina hilo alipewa kazini. Aliweka mashine moja kwenye chumba cha pampu, ikaonyesha kimo cha maji katika kila tangi, ikafanya hivyo miaka saba bila kuzimwa, na wenzake wakawa wanapita wakiuliza Fundi Jana anatuletea nini kesho, wakicheka, na yeye akicheka nao. Mwezi Machi 2012 ukaja mfumo mpya, ukaja na watu wake waliovaa kadi shingoni, ikaonekana kwamba nafasi ya kaka haipo tena kwenye mchoro, akapewa mkono wa kwaheri na saa ya ukutani. Mashine yake haikuondolewa, hapana, bado ipo kazini mpaka leo, nimeiona kwa macho yangu wiki hii nilipowapelekea taarifa ya msiba, imewekwa chini kuzuia mlango wa stoo usijifunge.

Kuhusu ndoa, tarehe 8 Desemba 1990 kaka alimwoa wifi yangu huyu mnayemwona mbele kwenye kiti cha magurudumu, aliyekuwa mwalimu wa darasa la pili, na mwanamke ambaye wakati ule, jamani, alikuwa anaongea. Wifi alikuwa na mdomo! Alikuwa anaweza kumsema mtu kutoka mlangoni hadi sokoni bila kurudia neno, na akirudi anaanza na yule aliyemkuta njiani, na kaka, aliyekuwa mtu wa maneno machache, alimsikiliza kama redio iliyokamata stesheni vizuri. Mashine ilipoingia nyumbani, naye akaona mume anarudi kazini, anakula mbiombio na kwenda kujifungia nayo chumba cha nyuma, alitutangazia wazi kwamba ameletewa mke mwenza, tena mke mwenza asiyepika wala kufua, na tangu siku hiyo mashine ile haikuwa na jina lingine nyumbani kwao.

Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kiume aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1992, ambaye sasa ana duka la simu na ametupatia wajukuu wawili, na wa kike aliyezaliwa tarehe 21 Oktoba 1996, fundi wa vyerehani katika kiwanda cha nguo, aliyerithi mikono ya baba yake na, kwa bahati mbaya kwa wengine, mdomo wa mama yake.

Tarehe 19 Juni 2013, saa za asubuhi, akiwa ubaoni mbele ya watoto wa darasa la pili, wifi aliangusha chaki, na hajaiokota mpaka leo. Kiharusi kilichukua mkono na mguu wa kulia, kikachukua na ulimi, lakini akili yake kiliiacha nzima kama kilivyoikuta, na hilo ndilo ambalo wengi wenu hamtaki kulikubali, mnamsemesha kwa kelele kama kiziwi, mnamfinya shavu kama mtoto, mnamzungumzia mbele yake kama kabati. Miezi mitatu baadaye wakaja nyumbani wazee wetu, sitawataja, wengine mmekaa safu ya kwanza, mkamshauri kaka kwamba bado ana nguvu, nyumba haikai bila mwanamke, huyu arudishwe kwao akatunzwe na yeye aoe mwingine, na maneno hayo mliyasema wifi akiwa palepale kwenye kochi, machozi yanamtoka, nanyi mkasema maskini, ndiyo ugonjwa wenyewe huo, macho yanavuja.

Kaka aliwaongezea chai, kisha akawaeleza kwamba wao, watu wa mashine ile, wana kanuni moja tu, kwamba kilichofanya kazi jana lazima kifanye kazi na kesho, na kila wanapotaka kubadilisha kitu chochote ndani yake, hata kiwe kidogo namna gani, kwanza huendesha programu zote za zamani moja baada ya nyingine, na ikikataa hata moja tu, wanaliondoa lile badiliko jipya, hawaitupi ile ya zamani. Wazee mkatazamana, mkaona mtu amechanganyikiwa kwa majonzi, mkaomba ruhusa mwende. Usiache mbachao kwa msala upitao, methali hiyo mnaifundisha ninyi wenyewe kwenye harusi, lakini siku ile hakuna aliyeikumbuka.

Ndipo akafanya kazi ambayo mimi, kama ningeulizwa, ningesema ndiyo kazi yake hasa, hizo nyingine zilikuwa mazoezi. Alijua kwamba Kiswahili chetu kinasemwa kwa silabi, na silabi zenyewe zinahesabika, ba be bi bo bu kama watoto wa wifi walivyokuwa wakiimba darasani, akaona kwamba mashine ndogo namna ile haiwezi kubeba maneno yote ya duniani lakini silabi inaweza, akajifungia kabatini katikati ya makoti ili kelele za barabarani zisiingie, akazirekodi zote kwa sauti yake mwenyewe. Siku hiyo alikuwa na mafua makali. Binti yake alimshauri asubiri apone, lakini alisema wifi amenyamaza kutosha, hawezi kusubiri pua, na alipopona akawa ameshaunganisha kila kitu na hakuwa na nguvu ya kuanza upya, kwa hiyo sauti ya mashine ile ina mafua mpaka kesho, na wifi, mwanamke mzima mwenye heshima zake, anaongea kwa sauti ya mwanamume iliyoziba pua, inayokatika vipande vipande kama mtu anayesoma huku anapanda ngazi.

Mwezi Novemba 2013, mchana, kaka alikuwa ameinama anakaza skrubu, kikombe kimesahauliwa pembeni, na wifi kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto akaandika sentensi yake ya kwanza tangu chaki idondoke, na mashine ikasema, mume wangu, chai inapoa. Kaka alitoka nje, akaenda nyuma ya tangi la maji, akalia mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki. Wifi alipoulizwa baadaye angependa kusema nini kingine, aliandika kwamba amemsamehe mke mwenza, kwa sababu ndiye pekee katika ukoo wote aliyemwazima ulimi.

Kaka aliwatumia wenzake wa ng'ambo programu ile, wakaiingiza katika yale majaribio yao, na sasa sikilizeni vizuri, maana hili nililijua juzi tu nikashindwa kulala. Kwa miaka kumi na moja, kila wanapobadilisha chochote katika mashine yao, watu wasiojua neno moja la Kiswahili, katika vyumba vyao huko kwenye baridi, hukaa kimya wakasikiliza mpaka mwisho sentensi ya wifi yangu, mume wangu, chai inapoa, na wasipoisikia yote, kazi inasimama mpaka waipate. Hawajui maana yake, wanajua tu kwamba kuna mwanamke mahali fulani anaitegemea. Wageni hao walimsikiliza wifi kuliko sisi aliotupikia.

Niseme pia, ili nisije nikaonekana nina chuki na vitu vipya, kwamba mwanawe mkubwa alimnunulia mama yake kishikwambi kinachoongea, na mwanangu, shangazi yako hakusemi vibaya, ulifanya kwa upendo. Kilikuwa chembamba, kinang'aa, kina sauti ya binti wa redioni, ila kilitamka Kiswahili kama mtalii, kilitaka mtandao kila saa, na siku moja wifi alipotaka kusema kwamba maji ya kuoga yanamuunguza, kikamwonyesha duara linalozunguka kikamwomba avumilie kinajisasisha, na kovu analo begani. Alirudi kwa mke mwenza siku hiyohiyo, na mwanawe, nampongeza kwa hilo, hakubishana naye tena.

Mashine kama zile kaka alikuwa nazo sita nyumbani, moja ya wifi, sebuleni, na tano chumba cha nyuma, ambazo alikuwa amezikusanya pole pole kutoka kwa watu waliochoka nazo, kwa kuwa kiwanda hakipo na kipuri hakinunuliwi dukani, na alisema akiba haiozi, hizi tano ndizo zitakazomfikisha wifi uzeeni, mimi niwepo nisiwepo.

Mwezi Januari 2024 kaka aligundulika kuwa figo zake zimechoka, kuanzia Februari akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na tarehe 11 Juni 2024 hali ilipobadilika akalazwa. Jumamosi ya tarehe 22 Juni, kaka mkubwa aliitisha kikao cha familia sebuleni kwa mgonjwa, na nia yake, naomba hili lisikike, ilikuwa njema, alitaka chumba cha nyuma kisafishwe na kupakwa rangi ili mgonjwa akirudi alale humo karibu na choo, asipande ngazi. Waliohudhuria wanasema wifi alikuwa kwenye meza yake, na alipoelewa kinachozungumzwa alianza kuandika, na kidole kimoja hakina mbio, jamani, kinatafuta herufi kama mtu anayechambua mchele, na mashine ikawa inatoa neno moja moja katikati ya maneno ya wakubwa, ikamkatiza kaka mkubwa mara moja, ikamkatiza mara ya pili, na mara ya tatu kaka mkubwa akanyoosha mkono kwenye spika, akapunguza sauti mpaka mwisho, akasema shemeji atamalizia baadaye, tuendelee.

Wakaendelea. Binti wa mgonjwa, alipopata habari, alipiga simu kutoka kiwandani akasema wasiguse chochote mpaka atoke zamu, akaambiwa wakubwa wanazungumza. Alipita mtu wa mkokoteni anayekusanya chuma chakavu, akaitwa, na mashine zote tano, pamoja na ndoo ya vipuri, zikapandishwa. Mimi nilifika mkokoteni umeshakunja kona, nikakuta watu wanafagia, wanachangamka, na wifi ameketi anatazama televisheni, na kwenye skrini maneno yake bado yapo, mashine inayasema na kuyarudia kimya kimya kwa sauti iliyofungwa, zile za nyuma msiguse, hizo ndizo akiba ya ulimi wangu. Nilitoka mbio kufuata mkokoteni, na kesho yake nikarudi kwenye uwanja wa chuma chakavu, nikaonyeshwa vipande vya plastiki vimevunjwa kwa nyundo, shaba imeshatolewa.

Kaka mkubwa alijitetea, na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, utetezi wake una maana. Alidhani ni kibodi tupu. Kompyuta anayoijua yeye ina kibodi huku na kompyuta yenyewe kule, na kibodi tano zisizo na kompyuta ni takataka kwa mtu yeyote mwenye akili timamu, kosa hilo lingeweza kumpata yeyote kati yenu, na la kutojua mimi nimelisamehe. Nisilolisamehe ni kwamba aliyekuwa anajua alikuwemo chumbani, alikuwa anaeleza, kwa Kiswahili fasaha, kwa sauti ya mwenye nyumba mwenyewe, na wewe kaka mkubwa ukanyoosha mkono. Kwa kitendo kile ulimzima mke, ukamzima na mume aliyekuwa kitandani hospitali, maana ile sauti uliyoipunguza ilikuwa yake.

Kaka alirudi nyumbani tarehe 5 Julai, akalazwa katika chumba cha nyuma kilichonukia rangi mpya, akaangalia kuta nne zilizokuwa tupu, akauliza zipo wapi, akaelezwa. Hakugomba. Kama angegomba mimi leo ningekuwa na nafuu, lakini aligeukia ukutani, akauliza kama ile ya sebuleni imebaki, akaambiwa imebaki, akasema basi mwiteni binti yangu aje na bisibisi. Miezi miwili aliyobakiwa nayo aliitumia hivyo, siku zisizo za hospitali, yeye ameegemea mito anaelekeza kwa kidole, binti anafungua, anasafisha, analehemu, anafunga, mpaka akajua mashine ile ilivyo ndani kama anavyojua cherehani, na kaka mkubwa alipokuja kumjulia hali, kaka alimpisha akae kitandani, akamuulizia wajukuu wake mmoja mmoja. Huo ndio uungwana aliokwenda nao, na mimi sijaurithi.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti alirudishwa hospitali, na Jumatatu tarehe 2 Septemba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, akafariki dunia. Wifi alikuwa pembeni yake, mashine ikiwa kwenye kimeza cha chakula cha wagonjwa, alimwambia alichomwambia, na hicho ni chao wawili.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, hasa muuguzi mkuu wa zamu aliyeruhusu televisheni ndogo na mke mwenza viingie wodini kinyume cha utaratibu, na wagonjwa wenzake waliocheka kwa upole waliposikia mtu akiitwa mume wangu kwa sauti yake mwenyewe yenye mafua. Nawashukuru majirani, hususan yule wa nyumba ya kona ambaye kila umeme ulipokatika alivua betri ya pikipiki yake bila kuombwa, akaenda kazini kwa miguu. Namshukuru Bundi na wenzake, ambao hawapo hapa na hawatanisikia, lakini wamemwandikia binti yetu kwamba sentensi ya mama yake itaendelea kujaribiwa hata wakibaki wawili. Nawashukuru wafanyakazi wa idara ya maji kwa shada lenu, ni zuri, lina utepe, lakini mkitaka kumuenzi marehemu, Jumatatu asubuhi tafuteni jiwe la kuzuia mlango wa stoo, mlete ile mashine kwa binti yake, hiyo ndiyo akiba pekee iliyobaki duniani inayojua kwetu ni wapi.

Nimebakiza jambo moja. Jana kamati ilikaa, ikaamua kwamba wifi ahamie kwa kaka mkubwa ambako kuna nafasi, na kwamba mashine, kwa kuwa fundi wake hayupo, iwekwe kabatini pamoja na picha ya marehemu iwe kumbukumbu. Uamuzi huo ulipitishwa kwa kauli moja, na naweza kuwaambia kwa nini ulipitishwa kwa kauli moja, ni kwa sababu kikao kilifanyika uani na wifi alikuwa sebuleni, asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nilimuuliza asubuhi hii anataka kuishi wapi na na nani, akanijibu, na jibu lake si langu kulitoa. Kwa hiyo katika ratiba zenu naomba mkate ule mstari unaosema kwa niaba. Neno la mjane litasemwa na mjane. Binti amekwishaunganisha mashine na hizi spika kubwa, itachukua muda, kidole ni kilekile kimoja, na mtasubiri, hamna gari linalowaacha.

Na yale maneno ambayo historia ya marehemu huishia nayo, ya kumtakia apumzike kwa amani, hayo nayo nimemwachia yeye, na mtakapoyasikia msishtuke wala mama zangu msipige mayowe, sauti mtakayoisikia ni ya marehemu kweli, ni yeye, ana mafua tu.

Kaka mkubwa, umekaa karibu na spika, nakuomba mbele ya watu wote hawa, mikono yako iweke mapajani.

Wifi, sema.